Mzee Funguo Hakuomba Kuondolewa Kaunta

Nyie vijana wa kamati ya sherehe, hamna haya. Mmeniletea karatasi imeshachapwa, eti nisome tu mbele za watu kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye siku nyingi. Nimeisoma. Pale mlipoandika kwamba mwaka wake wa mwisho mstaafu "aliomba mwenyewe kupumzika kazi za kaunta", nimekata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Hakuomba. Wasifu wake nimeuandika upya kwa mkono wangu, na ndio huu utakaosomwa. Atakayebadilisha hata nukta, chai ya ofisi hii ajichemshie mwenyewe.

Mzee Funguo anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini ya kukodisha magari katika uwanja huu wa ndege. Alianza wakati ofisi yetu ni meza moja pale wanapochukulia mizigo, na magari ni matatu, moja halina breki ya mkono. Mimi niliajiriwa baadaye kidogo, kufagia na kupika chai. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anamfundisha mteja mwenye suti namna ya kuwahi kuweka jiwe kwenye gurudumu kabla gari halijaondoka lenyewe. Anafundisha kwa upole kabisa, kama vile magari yote duniani huja na jiwe lake.

Jina la Funguo hakupewa na mama yake. Uwanja wetu si mkubwa, ndege ni za kuhesabu, na magari hayajawahi kutosha. Kwa hiyo kila ndege ikitua, anayetembea haraka anataka gari la anayetembea polepole. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Gari likishaagizwa, ufunguo wake hautundikwi ubaoni pamoja na nyingine. Anauvaa shingoni, kwenye kamba, mpaka mwenye gari afike. Siku za wageni wengi akipita unamsikia kabla hujamwona, na akina mama wa kaunta ya tiketi wanamwuliza leo kaolewa na nani mpaka kavishwa vito vyote hivyo. Mteja akija kubembeleza, akataja vyeo, akataja wajomba zake, jibu lilikuwa hilo hilo kwa wote: lina mwenyewe, yuko angani.

Na alijua kucheka na watu. Kuna bwana mmoja alirudisha gari linanuka banda la kuku, akaapa kwamba alibeba mabegi tu. Mzee akainama, akapapasa chini ya kiti cha nyuma, akatoka na yai. Akampa kwa mikono miwili, akamwambia abiria wake mmoja kasahau mzigo. Yule bwana alisafisha gari mwenyewe, na yai akaniachia mimi.

Kuna mwingine alirudisha gari jeupe la watu. Yale magari yetu ya zamani vitasa vilikuwa vimelika, ufunguo mmoja unafungua ndugu zake wote. Huyu katoka sokoni, kaingia kwenye gari jeupe la kwanza aliloliona, kaendesha mpaka hapa. Mzee akauliza vile vitunguu vya kwenye buti ni vya nani. Mteja akasema yeye hajanunua vitunguu. Wakatazamana. Mwenye vitunguu alipofika alikuwa anafoka kiasi kwamba ilibidi nimkalishe kwa nguvu. Mzee hakubishana naye. Alimwita shemeji, akamvutia kiti, na kabla birika halijaisha wale wawili walikuwa wanapeana namba za simu. Nyie mlioandika kwenye karatasi yenu kwamba "alikuwa na mahusiano mazuri na wateja", hayo ndiyo mahusiano.

Sasa tuje kwenye lile mlilolifunika.

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa mvua, ndege ya mchana. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameagiza gari mapema. Baba yake amelazwa hospitali ya mbali, na basi la kwenda huko lilikuwa limeshaondoka. Alimweleza Mzee kwenye simu, na Mzee akauvaa ufunguo. Magari mengine yote yalikuwa yametoka. Hapo ndipo meneja alipoingia na wageni wake, watu wakubwa, wamenyoosha mashati, hawakuagiza kitu. Akautaka ule ufunguo wa shingoni.

Mzee akamjibu kama alivyokuwa anawajibu wote. "Lina mwenyewe, yuko angani."

Meneja, wewe ulinyoosha mkono juu ya kaunta ukaivua ile kamba kichwani kwa mtu mwenye umri wa baba yako. Wateja wanaona, mimi nimesimama na sinia. Naye akainamisha kichwa ili kamba ipite. Hata wakati wa kunyang'anywa alikuwa na adabu, na wewe uliyesomeshwa mpaka ukavaa tai hukuwa nayo. Wageni wako wakaenda na gari kwenye chakula cha mchana.

Ndege ikatua. Mwalimu akaja na begi moja, anatabasamu, anataja jina lake akijua mambo yote yako sawa. Mzee hakumwambia pole. Alichungulia dirishani. Pale nje lilibaki gari moja tu, lile analoendea meneja nyumbani, ambalo ni gari la kampuni na namba yake iko kwenye magari ya kukodi kama mengine. Ufunguo ulikuwa ubaoni, limetoka kuoshwa. Akauchukua. Akamzungusha yule mwalimu gari zima, akamwonyesha mkwaruzo wa mlango wa kushoto, akamrekebishia kiti na kioo, akamwonya kuhusu daraja linalojaa maji. Kisha akamfungulia mlango.

Jioni meneja alikwenda kwake kwenye pikapu ya waosha magari, kakaa nyuma kati ya pipa la maji na matambara. Nilicheka, na ningeweza kucheka tena sasa hivi.

Mwalimu alimkuta baba yake bado anaongea. Waliongea siku nzima, yeye na mzee wake, ndivyo alivyosema alipolirudisha gari. Alilirudisha safi na tangi limejaa, akaomba amwone mkubwa wa ofisi ashukuru. Na mkubwa wa ofisi akasimama pale, kifua mbele, akapokea shukrani. "Usijali mama, ndiyo kazi yetu." Nilikuwa nafuta meza ya pembeni, nikasikia kwa masikio yangu.

Wiki hiyo hiyo Mzee Funguo akavuliwa shati la kaunta, akapewa ovaroli na mpira wa maji, akapelekwa yadi kuosha mazulia ya magari. Mkewe, shoga yangu, aliniuliza mbona soksi za mume wake zinarudi zimelowa. Mzee alikuwa amemwambia kwamba ofisi imebadilisha sare. Mimi nilimwambia ukweli, na mkitaka kunilaumu kwa hilo mjue nilipo.

Mwaka mzima huko yadi hakumsema mtu. Ila ndege ikianza kushuka, anafunga maji, anafuta mikono kwenye ovaroli, anasimama kutazama mlango wanaotokea abiria. Huku ndani tumeona watu waliolipia magari yao wakikaa juu ya masanduku wakilia, kwa sababu aliyewahi kaunta kapewa. Yupo mmoja kati ya wale vijana wa kaunta ambaye siku hizi anavaa funguo shingoni, anazificha chini ya shati ili meneja asizione. Simtaji. Atakayemtafuta ataanzia kwangu. Ninyi mkiuliza Mzee aliacha nini hapa, aliacha hicho.

Halafu leo mnataka wajukuu zake wakae kwenye viti vya mbele, wamevalishwa vizuri, waambiwe babu yao alichoka akaomba kukaa pembeni. Huyo babu hajachoka. Aliondolewa kwa kutunza gari la mtu aliyekuwa na haja nalo, na hao watoto watatoka hapa wakijua hivyo.

Mzee Funguo, shemeji yangu, asante. Asante kwa kunibebea ndoo bila kuombwa, na kwa kuwafanya watu waliotua na wasiwasi waondoke hapa wakiwa na nafuu. Kaa nyumbani kwa amani, ule na mkeo chakula cha moto, soksi zako zikauke. Ukipita njia hii, kikombe chako kipo, na sitaki mtu mwingine akinywee.

Meneja, usijifanye unatazama simu. Leo ni Alhamisi, yeye anamaliza kesho, kwa hiyo bado ana siku moja ya kazi. Shati lake la kaunta nililikuta kwenye sanduku la matambara. Nimelifua, nimeshona kifungo cha juu, nimelipiga pasi. Linaning'inia nyuma ya mlango wa stoo, na ile kamba iko mfukoni mwake. Kesho kuna watu wanaokuja na ndege ya asubuhi na wameshaagiza magari yao, na funguo zao atazivaa yeye. Keki haikatwi kwanza. Nenda stoo ukalilete hilo shati, usimtume mtu, na hiyo kamba umvalishe kwa mkono ule ule ulioivua, mkewe na wajukuu wakiona.

Inuka, tunakusubiri.