Maisha ya Daktari Melkiori Tluway, Aliyeivunja Dawa Yake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, marehemu Daktari Melkiori Tluway alizaliwa Karatu tarehe 6 Januari 1974, mtoto wa tatu wa mfugaji, na alikuwa na miaka minane sotoka ilipoingia zizini kwao ikaua ng'ombe kumi na tisa, akamwona baba yake akimpiga fimbo muuza dawa ya uongo mpaka meno mawili yakadondoka, jambo ambalo familia haijivunii, wala haitalificha.

Alisoma Karatu, kisha Arusha, akahitimu udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2000, akafunga ndoa na Clara tarehe 12 Oktoba 2002, wakajaliwa Wilfred na Queen, na mwaka 2011 wakahamia Arlington. Kuanzia 2017 alifanya kazi kwenye maabara moja Houston, akirudi nyumbani kila Ijumaa, akichunguza kiini kilichokamuliwa kwenye majani ya mwarobaini, mti ambao wengi wetu hapa tulikamatwa pua utotoni tukanyweshwa maji yake, kuona kama kitaua kirusi cha kuhara kinachomaliza ndama.

Mwaka 2018 kiini kile kiliua kirusi kwenye vichupa vya maabara, nasi, bila kuuliza vichupa na ng'ombe vinafananaje, tukamkatia keki. Machi 2019 alikijaribu kwa ndama ishirini na wanne, kumi na wawili wakapewa dawa, kumi na wawili maji matupu, na kila upande wakafa wanane, wakiharisha damu. Waliobaki sheria ya jaribio iliagiza wauawe wapasuliwe, akakataa kumwachia kijana wa maabara, akawapiga yeye mwenyewe risasi za machinjio kwenye paji la uso, mmoja mmoja, akatoka damu imefika viwikoni, akaandika kwamba dawa haifanyi kazi.

Rafiki yake wa tangu Sokoine, Bwana Twalibu, mwenye duka Garland na ng'ombe wake kusini mwa Fort Worth, hakuisoma ripoti, au aliisoma akaona haiuziki, akajaza maji ya mwarobaini kwenye chupa zenye picha ya marehemu. Tarehe 9 Novemba 2019 marehemu aliingia dukani na nyundo. "Sura yangu itoe, Twalibu, hayo ni maji ya majani!" Twalibu akamjibu, "Wewe bwana, keki ulikula, leo unaniletea nyundo?" Zilivunjika chupa mia moja na arobaini kabla Twalibu hajamshukia na nondo, mkono wa kulia ukavunjika mara mbili, na muuguzi Kalume, jirani wa duka, akawatenganisha huku wote wawili wakiwa wamepiga magoti juu ya vigae vya chupa.

Tarehe 4 Januari 2020 Twalibu alipiga simu, ndama wake tisa wamekufa, wote walinyweshwa zile chupa zilizosalia. "Daktari, njoo, nimekwisha." Alikwenda, mkono ukiwa bado kwenye plasta. Ng'ombe aliyefiwa na ndama alimkimbilia, akambana kwenye geti la chuma, na kwa mkono mmoja hakuweza kupanda, mbavu zikatoboa mapafu. Twalibu ndiye aliyemvuta kutoka chini ya kwato, na ndiye aliyeomba jina lake lisifichwe leo.

Hospitalini Fort Worth alionyeshwa tangazo la maombi tulilosambaza kwenye simu, "Tumwombee mgunduzi wa dawa ya mifugo." Mrija kooni ulimzuia kusema, akaomba kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto. Alifariki tarehe 11 Januari 2020, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Arlington, wafanyakazi wenzake wa Houston, na Kalume aliyemfunga mkono kwa shuka lake.

Aliandika maneno matatu: "Haikuponya hata mmoja." Melkiori, tumeyasoma kama ulivyoyaandika, mbele ya watu wote, na Twalibu akiwa amesimama. Pumzika kwa amani.