Caleb Kilonzo, Aliyewabeba Wafu wa Shauri Moyo

Marehemu Caleb Kilonzo Nzivo alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, hapa hapa Shauri Moyo, katika chumba kimoja cha baba yake, marehemu mzee Nzivo. Dada yake mkubwa, Nzembi, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na alipojua kutembea hakushikika tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970. Siku moja alileta ripoti ambayo mwalimu ameandika neno moja la Kiingereza: active. Mama akauliza, "Hii ni sifa ama ni tusi?" Nzembi akamwambia ni sifa, na Caleb akapewa mandazi mawili. Kesho yake mwalimu akaeleza maana yake ni kwamba huyu mtoto hakai kitini. Mandazi yalikuwa yashaliwa.

Mwaka 1979 aliajiriwa karakana ya reli, akachomelea vyuma miaka ishirini na minne. Tarehe 18 Agosti 1984 alimuoa Truphena kanisani, wakajaliwa watoto wawili.

Lakini watu wa hapa walimjua kwa chama chetu cha mazishi. Vyuma vya hema la chama alivichomelea yeye. Maiti ikitoka mochari, bega la mbele kulia ni la Caleb. Jua liwake, matope yafike magotini, hakuna mtu wa mtaa huu alizikwa bila Caleb, labda awe alizikwa kwa siri.

Tarehe 3 Februari 2023 alishikwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa. Laini yake ya simu ikafungwa kwa kutotumika, ati haiko active. Sawa, kampuni ya simu haimjui. Na chama je? Kwa miaka miwili, aliyekuja kumwinua kitandani asubuhi ni jirani Nuradin, ambaye si wa chama wala si wa kanisa letu. Caleb alikuwa akimtania, "Nuradin, siku yangu shika miguu. Kichwa ni kizito, kimejaa siasa." Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Truphena.

Sasa, desturi ya chama inajulikana. Kabla ya udongo, jina la marehemu linasomwa kutoka kwa daftari, na wanachama wote wanajibu, "Ni wetu!" Nzembi alipoenda kupeleka habari ya msiba, alifunguliwa daftari akaonyeshwa jina la ndugu yake limepigwa mstari mwekundu.

"Mama, sheria ni sheria," mwenyekiti Gachanja akasema. "Mwanachama ni yule active. Caleb alikosa mikutano."

"Alikosa? Angekuja akitambaa?"

"Angetuma hata udhuru."

"Gachanja, siku ya kumzika mama yako, nani alishika jeneza mbele?"

"Ni Caleb."

"Siku hiyo alikuwa active?"

Gachanja akakohoa, akafunga daftari. Mpaka leo asubuhi hajalifungua.

Basi jina lake lisomwe na familia yake. Jeneza litabebwa na Nuradin na vijana wa ploti, na watu wa chama wasinyanyuke kujionyesha kwa picha. Viti mmekalia ni vyenu, endeleeni kukaa.

Caleb ameacha mjane Truphena, watoto wake Carolyne na Nzivo, wajukuu wanne, na dada yake Nzembi. Mungu amlaze pahali ambapo hakuna anayeulizwa alikuwa wapi alipokuwa mgonjwa.

Msomaji wa karatasi hii sasa ataita jina mara moja, kwa sauti, halafu anyamaze angoje. Wewe ambaye Caleb alimbeba mzazi wako, wewe ambaye alimbeba mtoto wako, kinywa ni chako na hakina mwenyekiti. Gachanja, tunakusikiliza wewe kwanza.

Caleb Kilonzo Nzivo!