Kokuhirwa Aende Chuoni

Sogeeni, wanangu, na wewe mdogo wangu Rwegoshora usibaki mlangoni kama mgeni, ingia ukae, kwa maana sauti iliyobaki ni ndogo na nimeitunza tangu asubuhi kwa ajili ya shauri moja. Stephania, mke wangu, niinue kidogo. Hapo. Wazee wa ukoo wapo, katekista yupo, asije mtu akasema kesho kwamba mzee Rwezaura alikuwa anaweweseka kwa homa.

Ya mali nayamaliza upesi. Elpidius, wewe ndiye mrithi, kibanja hiki ni chako, migomba na mibuni na nyumba. Mama yako atakula humo mpaka siku zake ziishe, na ole wako akaombe chumvi kwa jirani. Hayo mliyajua. Nililowaitia ni la dada yako Kokuhirwa, ambaye barua ya kumwita chuo cha ualimu kule Bukoba imefika, na nyinyi, nikiwa nimelala hapa sijiwezi, mmepokea ng'ombe wawili wa mahari kutoka kwa Ndyamukama, anayemposea mwanawe, na kunywa pombe yake ya rubisi. Rwegoshora, usikohoe kikohozi cha kutafuta nafasi ya kusema. Nafasi utaipata nikishanyamaza, na nitanyamaza muda mrefu.

Mimi ualimu niliuingia nikidhani naujua. Mwaka wa ishirini na saba nilitembea siku nne kwenda misheni kuusomea, tukafundishwa kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo, na kufundisha hesabu kwa vitu ambavyo mtoto anaviona kwao. Nikarudi na cheti, kichwa kimevimba, nikapangiwa shule ya nyasi mbugani, upande wa Kamuli, kwa wafugaji, mimi mtoto wa migombani nisiyejua hata kukamua. Siku ya kwanza ya hesabu nikawaambia watoto, kesho kila mmoja aje na idadi ya ng'ombe wa baba yake, tujumlishe. Wakanitazama kama niliyetukana. Akatii mmoja tu, Kemirembe binti wa Byarugaba, akahesabu zizi zima kwa kidole na kwa sauti, baba yake anamsikia. Juma lile ndama wawili wa Byarugaba wakafa, na Jumatatu nikakuta magogo ya kukalia matupu, watoto wote wako machungani. Kule ng'ombe hawahesabiwi, kuwahesabu ni kuwaitia kifo, na mimi nilikuwa nimemtuma mtoto akafanye hivyo.

Nilikwenda kuomba radhi. Byarugaba hakunigombeza, alisema tu, "Mwalimu, kaa hapa mpaka ng'ombe warudi." Wakarudi, kundi la kujaza bonde, nami sikuona ila pembe na vumbi. Yeye akasimama mlangoni mwa zizi akiwataja mmoja mmoja, huyu mwenye baka shavuni, huyu aliyezaliwa mwaka wa njaa, huyu anayechechemea, na kabla wa mwisho hajaingia akasema, "Bihogo hayupo. Amebaki mtoni, mimba imemchosha." Vijana wakaenda, wakamkuta mtoni. Cheti changu kilikuwa mfukoni, nikakiona ni karatasi tu. Nilikwenda zizini kwake kila jioni miezi mitatu kujifunza kutazama, ndipo akamrudisha Kemirembe shule, na wenzake wakamfuata, tukajumlisha maharage.

Tangu hapo nimefundisha miaka thelathini. Wakaguzi wamenisifu, wamenipandisha daraja, wapo walimu wakuu leo hapa Karagwe walioshika kalamu mara ya kwanza mbele yangu. Lakini jicho la Byarugaba sikulipata. Nilipata nusu yake, na hiyo nusu kwa jasho.

Basi masika iliyopita, mguu uliponivimba, Kokuhirwa alinishikia darasa la kwanza. Siku ya tatu nilijikongoja mpaka nyuma ya ukuta wa darasa, nia yangu nimkosoe. Ndani alikuwamo mtoto wa Tumwine, yule ambaye tangu Januari hakuwahi kutoa neno, niliyemwandika kwa mkono wangu huu kwamba hafundishiki. Nikasikia anasoma. Sauti nyembamba, inakwama, inaendelea. Nikachungulia. Kokuhirwa kaketi chini, kampa mgongo, anachambua maharage kana kwamba hasikii, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba kinachomfunga mtoto yule mdomo ni kutazamwa. Nani alimfundisha? Si mimi. Si chuo, hajakiona. Nililia pale nyuma ya ukuta, mzee mzima, kwa kustaajabu kwamba Mungu ameweka kitu kikubwa namna hiyo ndani ya nyumba yangu, nami kazi yangu ilikuwa kumtuma maji.

Stephania, nipe maji. Kidogo tu.

Elpidius, ng'ombe wa Ndyamukama uwarudishe mwenyewe, kwa adabu, umwambie mwanawe hana kosa. Rubisi iliyonywewa haitapikiki, tengenezeni nyingine mpeleke. Rwegoshora, ukikasirika nikasirikie mimi, usimkasirikie mtoto.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu ijayo. Mimi... sidhani kama nitaifikia. Najua desturi, binti hatoki msibani mpaka matanga yaishe, na mrithi hakosi kwenye kaburi la baba yake. Leo naiondoa desturi hiyo kwa kinywa changu. Asubuhi ile, hata kama nimelala hapa sijazikwa, Kokuhirwa abebe sanduku lake, na wewe Elpidius umpeleke, mpaka mlango wa chuo. Udongo watanitupia wengine.

Unainama nini? Jibu, wazee wasikie.

Kwa sauti.

Haya. Amesema atampeleka. Katekista, umesikia.

Mungu awalinde... awape kuzaa na kuvuna... msigombanie mpaka wa kibanja. Kokuhirwa, uko wapi? Siwaoni vizuri. Lete kichwa. Mungu wa baba zangu akuzidishie alichokupa... nimekibariki... mimi mwalimu wako nimekibariki.

Usilie. Nenda kapange sanduku. Sasa, si kesho. Mlango uacheni wazi... nataka nimsikie... akilifunga.