Kavindu Aliyemtafuta Nthenya
Maisha ya Mama Kavindu Mulei, 1943–2024

Marehemu Mama Kavindu Mulei aliacha agizo moja tu kuhusu kijitabu hiki mlichoshika. Nyimbo alisema tuchague wenyewe, na picha tuweke ile ya kitambaa cha bluu. Lakini mwisho wa wasifu, pale wanapotajwa waliobaki, usisomwe mbiombio kama watu wanaokimbilia chakula. Aliyemjua anajua sababu. Asiyemjua atulie kidogo, naye atajua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 hapa Kibwezi, mtoto wa pili wa Mzee Mutisya na mkewe Wavinya. Akapewa jina la nyanya yake mzaa mama, Kavindu, na kwetu Ukambani ukipewa jina la mtu umepewa na mambo yake. Nyanya alikuwa bado hai, akamlea yeye mwenyewe, akamfundisha kusuka vyondo na kunyamaza mbele ya wakubwa. Somo la pili halikumwingia. Nyanya huyo huyo ndiye aliyemwachia jambo lililomkosesha raha maisha yake yote.

Leo tunalisema wazi, maana marehemu alichoka kulinong'ona. Wakati wa njaa kubwa, reli ikiwa bado inajengwa, wasichana wawili ndugu, Nthenya na mdogo wake Kavindu, ndiye huyo nyanya, walipelekwa na baba yao kwa tajiri wa Migwani aitwaye Mulwa, wakaachwa huko badala ya vikapu vya mtama. Baba alisema atarudi kuwakomboa mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, baba hakuonekana. Mulwa alikuwa na mashamba makubwa ya mtama na miwa kando ya mto, na waliokuwa wakiyalima ni watu wa namna hiyo, ambao Kikamba kiliwaita ngombo, yaani watumwa. Mulwa alipokufa, wanawe walikaa kugawana urithi. Wakagawana mashamba, wakagawana ng'ombe na mizinga ya nyuki, kisha wakagawana watu. Wazungu walikuwa wameshakataza mambo hayo, lakini katazo lilibaki huko Mombasa. Nthenya akawa fungu la mwana mmoja aliyebaki Migwani. Kavindu akaangukia kwa mwingine aliyekuwa anahamia Kibwezi na mifugo yake.

Siku hiyo dada hao walikuwa wanasaga mtama pamoja. Kavindu alipoitwa aondoke aliinuka na lile jiwe dogo la juu, la kushika mkononi, akalitia kwenye kiondo akaenda nalo. Lile kubwa la chini lilibaki mbele ya dada yake. Hawakuonana tena.

Marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia 1951 hadi darasa la nne. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa mdomo. Siku moja mwalimu aliwauliza watoto majina ya koo zao, naye akataja ukoo wa Mulwa kama alivyosikia nyumbani. Mvulana mmoja aitwaye Ben, ambaye babu yake ndiye yule mwana wa Mulwa aliyehamia huku, akacheka akasema, "Hao si wetu. Hao tuligawiwa." Darasa zima likacheka, pamoja na wasioelewa. Marehemu alisema hakulia pale. Alilia nyumbani, kwenye mapaja ya nyanya, na ndipo nyanya alipomweleza habari yote. Mwaka 1955 macho ya nyanya yalizimika, mjukuu akaacha shule ili amwongoze. Nyanya alifariki mwaka 1957. Alimkabidhi lile jiwe na maneno haya: "Hili lina mwenzake. Ukiweza, ulizia liko wapi."

Tarehe 19 Desemba 1964 alifunga ndoa kanisani na Bwana Mulei, mfanyakazi wa reli. Mzee wetu alipenda kusimulia jinsi alivyomposa. Kavindu alimwuliza kwao ni wapi. Akajibu, "Mwingi." Akaulizwa, "Mnapitia Migwani?" Akajibu, "Ukitaka, tutapitia." Basi ikawa ndiyo. Miaka yote Mzee Mulei alijitania kwamba yeye hakupendwa, ilipendwa barabara ya kwao. Uongo mtupu. Alipofariki mwaka 2003 mama alikaa mwaka mzima akimwekea kikombe chake mezani.

Mungu aliwabariki watoto wanne: Jonah, Syombua, Wavinya na Kimeu. Msichana wa kwanza alipewa jina la mama yake Mulei na wa pili jina la mama mzazi wa marehemu, kama desturi inavyotaka. Wajukuu walipoanza kuja, kila mtu alitaka kumheshimu, hata nyumba ikajaa akina Kavindu watatu, na ukiita mmoja wanaitika wote. Tulimwomba basi mmoja aitwe Nthenya. Alikataa katakata. "Jina hilo ni la upande ule," alisema. "Sisi tukilichukua, tutakuwa tumemzika."

Kwa kazi, alikuwa mkulima. Alilima vitunguu na bamia kwa maji ya mto, na vyondo alivyosuka jioni aliviuza kando ya barabara ya Mombasa. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na mweka hazina asiyekopesheka. Lakini mwulize jirani yeyote, atakwambia kazi yake ya pili ilikuwa mazishi. Saa ya matangazo ya vifo kwenye redio ya Kikamba ikifika, hakuna aliyeruhusiwa kutafuna kwa sauti. Likitajwa jina Nthenya upande wa Migwani, asubuhi mama amejifunga leso, kilo mbili za sukari kwenye kiondo, ameenda kulia na watu asiowajua. Hakwenda kwa ajili ya maiti. Alikwenda kusikiliza wasifu, hasa mwisho wake, wanapotajwa waliobaki, kwa sababu alisema ukoo hujificha siku zote isipokuwa siku ya kuzika.

Safari moja alilia kwa uchungu mwingi kwenye mazishi ya mzee fulani, kwa kuwa mjane aliitwa Nthenya. Akina mama wa pale wakaanza kutupiana macho. Kumbe walidhani ni mke wa pembeni wa mzee huyo, amejitokeza kudai shamba. Mjane mwenyewe, aliyekuwa ameolewa kutoka Machakos na hana habari yoyote ya Mulwa, alimfuata akamwambia taratibu, "Dada, kama una watoto wake, sema sasa." Mama alirudi nyumbani amekasirika, akasimulia, halafu akaanza kucheka mwenyewe hadi machozi yakamtoka. Mzee Mulei alimwomba apumzike na mambo hayo. Alipumzika wiki mbili.

Kisha ikaja mwaka 2017, ambao tulidhani ungemmaliza. Wajukuu wa yule mwana wa Mulwa waliamua kugawana ardhi yao ya Kibwezi, ambayo ndani yake ndimo ulimokuwa mji wetu tangu enzi za nyanya. Wenye ardhi walikuwa wawili: Mutiso, ambaye ndiye mkubwa, na mdogo wake Ben, yule yule wa darasani, sasa mzee mwenye bakora. Walimwita marehemu mkutanoni. Ben alikuwa na pendekezo zuri kwa macho ya kila mtu: Mama Kavindu apewe ekari mbili na hati yake, atie sahihi, na habari za zamani zisitajwe tena. Sisi watoto tulishukuru moyoni. Jonah alikuwa ameshatoa kalamu.

Mama hakuishika. Alisema ekari mbili ni neema, lakini kwanza wamwambie Nthenya alikwenda nyumba gani. Ben akamwambia kwa ukali kidogo kwamba mambo hayo hayafai kufukuliwa. Mama akamjibu akiwa ameketi vile vile:

"Mimi sifukui, Ben. Anayechimba ni wewe na mawe yako ya mipaka. Mlipogawana mara ya kwanza mlijua kila mbuzi alikokwenda. Niambieni mtu wangu alikwenda wapi."

Tulimkanyaga mguu chini ya meza. Tuliogopa tutalala nje. Ben alisema akiendelea hivyo, ekari zitapungua. Akaendelea.

Ni Mutiso aliyeshindwa kuvumilia. Alisukuma soda yake kando, akasema aliwahi kusikia kwa baba yake kwamba huko Migwani Nthenya hakuitwa Nthenya. Mara tu urithi ulipokwisha kugawanywa, bwana wake alimpa jina la mama yake yeye bwana, Kaluki, ili asahau alikotoka. Uzao wake uko kule hadi leo, karibu na soko, na wanaitana akina Kaluki.

Mama alishika kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa akisikiliza jina ambalo lilikuwa limefutwa. Hati ilipotoka ilikuwa ya ekari moja na robo, upande wa mawe, huku mlikosimama. Tulipomlaumu alisema hajawahi kununua kitu kwa bei nafuu hivyo.

Wiki iliyofuata alikuwa Migwani. Kaluki aliyempata ni mjukuu wa yule Nthenya, mzaliwa wa 1948, na walipoanza kuhadithiana waligundua jambo linalotuuma hadi leo. Mwaka 1996 mama yake Kaluki alizikwa, na mama yetu alikuwepo. Alikuwa amekuja kwa sababu ya Nthenya mwingine aliyetajwa redioni, mkwe wa jirani. Aliketi pale uani, akasikiliza wasifu wa binti wa yule aliyekuwa akimtafuta, akaondoka mapema asikose gari. Kaluki alisema anamkumbuka mama mmoja mgeni aliyelia sana. Hapo wakashikana, wala hakuna aliyejaribu kuwaachanisha.

Jiwe la chini lilikuwa nyuma ya jiko, kuku wakinywea maji humo. Mama alitoa lile la juu kwenye kiondo, wakayaosha yote mawili, wakamwaga mtama. Sisi tulikuwa tumeshika simu tayari kupiga picha. La juu halikukaa. Lilicheza huku na huku, mtama ukaruka. Miaka zaidi ya mia lilikuwa limesagia juu ya mawe ya watu wengine, likalika kwa namna nyingine. Kaluki alianza kulia. Marehemu akavuta leso magotini, akashika jiwe upya.

"Lipe muda," alisema. "Halijazoea."

Tangu hapo kila Agosti na kila Desemba mmoja wao alikuwa safarini kwa mwenzake, na tulikula unga wenye chenga kwa jina la undugu.

Mwishoni mwa 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na madaktari wakasema moyo umechoka. Alitibiwa, akapata nafuu, akalima tena ingawa alikatazwa. Mwezi Machi mwaka huu Kaluki alipata kitukuu wa kike, akapiga simu kusema jina alilopewa. Mama aliomba simu iwekwe karibu na mtoto. Mtoto alikuwa akilia. "Huyo ni wa kwetu," alisema, "hana subira." Walikuwa wamlete Pasaka, mvua ikakata barabara. Wakasema Agosti, lakini Agosti mama alikuwa amelazwa. Alimwuliza Wavinya kila jioni kama wageni wa Migwani wamefika. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, Wavinya akiwa amemshika mkono.

Sasa tusome polepole.

Marehemu alitanguliwa na mumewe, Mzee Mulei. Amewaacha watoto wake Jonah, Syombua, Wavinya na Kimeu, pamoja na wakwe zao. Amewaacha wajukuu kumi na mmoja, wakiwemo akina Kavindu watatu, ambao leo wamekubali kusimama mmoja mmoja wakiitwa.

Amemwacha dada yake, Kaluki wa Migwani, aliyekuja jana na jiwe la chini ndani ya gunia. Mawe yote mawili yatakaa kichwani pa kaburi, na mwenye mtama anaruhusiwa kusaga.

Na amemwacha mmoja ambaye hakuwahi kumwona, mwenye umri wa miezi saba, aliye mgongoni mwa mama yake pale safu ya mbele. Anaitwa Nthenya.

Umelisikia, Mama. Yuko hapa, na amehesabiwa pamoja na watu. Lala sasa.