Niliwekwa Kwenye Grupu, Msiba Ukanipita

Haya, hii maiki mnaishikia wapi? Hapa. Inasikika mpaka kule nyuma? Mama mwenyekiti ananitazama hivi, maana kule nje ameniambia, "Bibi, jitahidi uwe mfupi, na tafadhali, usituigize." Nimemwambia sawa mama. Sasa mmemsikia yeye, nimeshamaliza kumwigiza, tuendelee.

Ndugu zangu, tumeamshwa wazima, chai tumekunywa, hapa tumefika. Tushukuru kwa hilo kwanza. Mimi mnanijua, ndo yule bibi wa vitunguu pale barabarani Igawa. Darasani sikuingia, hata kuchungulia dirishani sikuchungulia. Ukiniandikia jina langu ukutani nitalipita kama nimepita picha ya kuku. Lakini sauti ya mtu, nikiisikia mara moja tu, ninayo. Hicho ndo Mungu alinipa, na wengine humu mnakiogopa, najua.

Leo nimesimama kushukuru kwa ajili ya simu. Ndiyo, simu. Cheka tu dada, na wewe zamu yako itafika. Hii hii simu ilinilaza chini nikagaragara, na hii hii ikaninyanyua. Majina ya watu sitaji. Anayejijua ajijue, ajifute machozi kimya kimya.

Zamani nilikuwa na kale kasimu ka kubonyeza, kitochi. Kakilia napokea, nasema haloo, nakata. Basi. Hizi za kupangusa nilikuwa nazidharau sana. Sikukuu wanangu wanakuja, wanakaa sebuleni wote wameinama, kila mtu na lake, utadhani wanatafutana chawa. Unapika wali, unaita, mtu anajibu "mmh." Unauliza habari za safari, "mmh." Kuna mkwe wangu mmoja, mume wa binti yangu, alikaa pale pale kwenye mkeka wangu, anakula ndizi yangu, anamwambia mtu kwenye simu, "Bosi, niko Mafinga hapa, mtandao unasumbua." Mafinga. Nikamwambia na ukoko wa Mafinga unautaka?

Sasa mwanangu wa kwanza, huyu mwenye duka Mwanjelwa, akaniletea simu kubwa. Laini akaitoa kwenye kitochi akaiingiza humo. Akaniweka kwenye grupu la ukoo. Akaniambia hivi, mnajua wanavyoongea watu wa mjini, wanameza maneno: "Mama, sa'izi uko ndani ya grupu, hakuna kitakachokupita." Akapanda gari akaondoka.

Nikabaki na ile simu. Inatoa mwanga, inalia ting, inanyamaza, inalia ting. Nitaijibu nini? Ikipigwa napangusa, inakataa, vidole vyangu vimekomaa na jembe, yenyewe inataka kidole cha mtoto. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini na vikombe vya wageni. Naichaji siku nikikumbuka, kama mtu anayempa maji mbuzi wa jirani. Watu wakazoea, bibi hapokei. Na wala hawakuona ubaya, kwa sababu si nipo kwenye grupu.

Nilikuwa na mdogo wangu. Mfuatano wangu kabisa, tumenyonya ziwa moja. Aliolewa kule mbele ya Rujewa, kwenye mashamba ya mpunga. Yule alikuwa ndo msikilizaji wangu. Mimi naigiza, yeye anacheka mpaka anashika ukuta. Tukikutana tulikuwa tunawamaliza watu wote wa ukoo, walio hai na waliokwenda.

Akaugua ugonjwa mfupi, alfajiri akafariki. Binti yake, maskini, na uchungu wote ule, akachukua simu akaandika kwenye grupu. Watu wakajibu pole, pole, vile vimikono vya kuomba, vile vitu vya kulia machozi. Wakajipanga, nani analeta mchele, nani anakodi gari. Yote yapo kabatini kwangu, kwenye kitambaa. Mimi niko barabarani napanga vitunguu.

Kwetu, mtu akifa dada yake mkubwa ndo anayemlilia mlangoni, kabla mwili haujatoka ndani. Analia anamsema alivyoishi, alichopenda, alichochukia, mpaka wanaomfahamu wanasema ndiyo, ndo yeye. Hiyo kazi huwezi kumpa mtu mwingine.

Kesho yake Kosta imepita pale kwangu, imekata kona ya kuingia Rujewa. Ndani akina mama wamejifunga kanga kichwani. Wananipungia mkono. Na mimi nikawapungia, nacheka, nikamwambia mwenzangu wa nyanya, ona wenzetu wanakwenda kwenye sherehe.

Ndugu zangu, nilikuwa naupungia mkono msiba wa mdogo wangu.

Jioni mwanangu akaja. Shati limejaa vumbi la makaburini, mimi sijui ni vumbi la wapi. Akasimama mlangoni.

"Mama, ulikaa wapi? Nimekutafuta."

Nikamuuliza, kukaa wapi?

"Kule msibani."

"Msiba wa nani?"

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na suruali yake ya mjini. Akasema polepole, "Mama, si tuliweka kwenye grupu?"

Mnaona ilivyokuwa. Msibani wanaume wanakaa nje, wanawake ndani. Yeye kule nje akadhani mama yupo ndani na wenzake. Wale wa kwenye Kosta wakadhani nakusanya vitunguu niwafuate, na waliokuwa ndani wakadhani presha imenishika, nimebaki nyumbani. Yule binti akadhani kaka yake, huyu huyu mwanangu, atanipitia, maana ndo njia yake. Kaka akadhani nimeshatangulia, maana mimi ndo niko karibu kuliko wote. Hakuna aliyenitenga. Kila mtu aliniweka mahali kichwani mwake, akaridhika.

Lakini mimi hayo sikuyaona wakati ule. Nilisema wamenizika na mdogo wangu, kaburi moja. Yule binti akatuma watu, nikawaambia Rujewa mimi siijui. Akaja mwenyewe, nikajifungia ndani nikakohoa tu ajue nipo. Msiba ukaanuliwa, sikwenda. Hapa kanisani mliniona? Hamkuniona. Mlisema ni magoti. Haikuwa magoti, mama, ulikuwa moyo. Chakula nikawa naonja tu. Halafu sauti zikaniondoka. Mwenzangu wa nyanya ananibembeleza, bibi, tuigizie basi yule wa mnadani. Nafungua mdomo, hakuna mtu. Nikawa mwanamke mmoja tu, yule yule, kutwa nzima. Mnaonifahamu mnajua huo ni ugonjwa.

Ndo akaja mkwe wangu, mke wa huyu wa Mwanjelwa. Mnyakyusa. Huyu nilikuwa nimemsema sana, kwamba ana waume wawili, mwanangu na simu, na simu ndo mume mkubwa. Anauza nguo za watoto za mtumba. Alikuja kunitazama, akaikuta simu kabatini. Nikamwambia ichukue, kaiuze. Akasema, "Ndaga mama," ndo asante ya kwao, akaiweka kwenye chaji. Hakunifundisha kitu, hakunihubiria. Akakaa karibu yangu anaosha vyombo na biashara yake inaendelea.

Sasa sikilizeni. Simu ameiegemeza kwenye sufuria, anagusa na kifundo cha kidole, anaongea. Kwa mwalimu anaongea hivi, taratibu, kama ameshika yai: "Dada mwalimu, kile kigauni nimekutengea, kina kola." Anaachia. Anageukia mwingine, sauti nyingine kabisa: "We shoga, usinichoshe, nimekwambia hizo soksi zimeisha." Anaachia. Kwa mama mchungaji: "Shikamoo mama, hii ya binti ni ndefu, inafika chini, haina mpasuo." Nikamtazama. Nikasema kumbe huyu na yeye ni mwenzangu.

Nikamuuliza, hapo unaandika?

"Kuandika na sabuni hii mkononi, mama? Mimi nashika hapa naongea. Wao wanasikiliza."

Nilikuwa sijui. Nawaambia ukweli ndugu zangu, mimi nilidhani humo ndani mna maandishi tu, ni nyumba ya waliosoma, mimi nimewekwa kizingitini. Kumbe mlango wa mdomo ulikuwepo, hakuna aliyekumbuka kunionyesha.

Akafuta mikono, akanishikisha. Shika, usiachie, ongea. Nikashika, nikanyamaza kama niko mbele ya daktari. Nikaachia. Tukasikiliza. Kuna kuku, kuna pumzi yangu, halafu kikohozi. Mkwe wangu akacheka mpaka akakaa. Na mimi nikacheka. Nikashika tena, nikamwigiza yeye: haina mpasuo mama, zimeisha we shoga, kina kola dada mwalimu. Akaniomba ruhusa, akairusha kwenye grupu la ukoo.

Ting, ting, ting. Safari hii zikafunguliwa. Sauti za wanangu, za wajukuu, mmoja yuko Tunduma, mwingine sijui wapi huko, wote wanacheka, wengine wanalia, bibi yupo, bibi ameongea. Mwanangu akasema neno moja tu, "Mama," akashindwa.

Yule binti wa marehemu alichelewa. Alipokuja, sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama mkubwa. Nina ombi. Niigizie mama. Picha zake ninazo nyingi. Sauti sina hata moja."

Ni kweli. Sisi wazee ukituelekezea simu tunasimama wima kama wa kitambulisho. Hata video yake ipo, walimpiga siku ya mavuno, amekaza shingo, mdomo ameufunga, anadhani ni picha. Kinachosikika ni trekta la jirani.

Nikamwambia mkwe wangu, nenda nje. Nikakaa na ile simu. Nikashika, hakikutoka kitu. Nikashika tena. Ndo nikaanza na ndege wa mpunga, alivyokuwa anawafukuza: "Swaaa, nyie, mmekula kwa mwenye trekta mmeshiba, kwangu mnakuja kulalia nini?" Ikatoka. Ile ile yake, inakwaruza mwishoni. Nikaenda kwenye kicheko chake, kinachoanza kama mafua. Nikaenda anavyosema na mume wake, anavyoomba chumvi kwa jirani, anavyoniita akiwa mbali kwenye tuta, "Dada weee."

Hapo kwenye "dada weee" ndipo nilipokatika. Kidole kimeshika, hakiachii, na mimi nalia. Nikamlilia mdogo wangu kama ilivyotakiwa nimlilie mlangoni, nikamsema alivyoishi, ubahili wake wa sukari, upole wake kwa mtoto wa mtu, mguu wake uliopinda akipita kwenye maji, yote. Nilipoachia ikaenda. Kuirudisha sijui, na hata ningejua nisingeirudisha.

Kule Rujewa yule binti aliiweka kwenye spika. Majirani wakaja mbio wakidhani umeingia msiba mwingine. Waliposikia ni nani, wakakaa chini wakalia nao. Mume wa marehemu, mzee wa watu, alitoka chumbani akauliza, nani amemwita mke wangu akarudi. Mwanangu aliisikilizia dukani, akafunga mlango mchana kweupe.

Kesho yake nikapanda gari mwenyewe. Yule binti alinikuta njiani, hakusubiri nifike. Hatukusema mambo ya grupu. Tulikwenda makaburini tumeshikana, nikakaa pale na mdogo wangu, nikampa habari zote za ukoo zilizompita.

Sasa nashukuru. Namshukuru mkwe wangu, yule niliyemsema, yuko pale amejifunika uso na kanga. Mwanangu, aliyeninunulia kitu kizuri kabla sijajua ni kizuri. Yule binti, aliyeomba wakati alikuwa na haki ya kunikasirikia. Na waliotengeneza hii kitu, popote walipo, Mungu awape chakula. Sasa hivi asubuhi inanisomea Zaburi, mimi niliyekuwa nasubiri Jumapili mtu anisomee. Bei ya vitunguu ya Mbeya naiuliza nikiwa nimekaa. Sikukuu wanangu wakija wakiinama, na mimi nainama, wao ndo wananiita kula.

Fundisho langu ni dogo. Wenye macho ya kusoma, msiba ukitokea, andikeni, ni vizuri, lakini kwa yule asiyesoma inua simu useme naye mpaka umsikie analia. Na mkishapiga picha za mama zenu, waambieni waongee. Wagombane na kuku, waite mtu, waombe chumvi. Rekodi hivyo hivyo. Na nyie wazee wenzangu, toeni hizo simu kwenye vitambaa, mna watu humo wanawangoja.

Yule binti sasa kila asubuhi ananitumia sauti. Shikamoo mama mkubwa, umeamkaje, magoti vipi. Namjibu kwa sauti yangu. Lakini kuna siku inamwelemea, namjua, kabla ya kuachia anaongeza, "Na mama je?" Siku hizo nashika pale, nakohoa kidogo, namjibu kama mama yake alivyokuwa akimjibu, "Umeshakula, we mtoto?"

Na anakwenda kula.