Kopo la Intisar

Jumanne ile, kabla ya adhuhuri, Intisar alinipandisha paani nikamfungie kopo la maziwa ya unga kwenye nguzo ya antena. Mke wangu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, na kwa miaka sita aliwafundisha wanafunzi wake kutengeneza kamera kwa vitu vya nyumbani: kifuu cha nazi, birika bovu, kisanduku cha kiberiti. Ndani unapaka rangi nyeusi, unaweka karatasi ya picha, kisha unatoboa tundu moja kwa ncha ya sindano. Hakuna lenzi wala betri. Nilizungusha waya mara tatu, nikakaza. Yeye akaligeuza kopo kidogo, kama mtu anayemwekea mtoto kofia sawa, akasema, "Hapo. Lisiguswe mpaka niseme." Kisha akanituma ndimu. Alhamisi hakuamka.

Baraza yetu ya kahawa iko mkabala na nyumba yangu, uchochoro wa hatua tisa katikati. Ukiinua kichwa, kopo utaliona pale juu. Athmani ndiye mwenye dele la kahawa na vikombe. Aidarus, muuza vitambaa, twamwita Wakili, ingawa kesi pekee aliyowahi kuisimamia ilikuwa ya mbuzi, naye alishindwa. Ogutu alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu. Yeye ni Stesheni. Mimi nilikuwa mpima ardhi, nikapitia chuo kikuu, wakaniita Digrii. Jana baada ya alasiri mawingu yalianza kupanda upande wa Likoni.

— Masika hayo, alisema Ogutu. Digrii, lile kopo litajaa maji.

— Lina kifuniko, nilisema.

— Kifuniko cha kopo na mvua ya masika? Hata mabati yashindwa.

— Alifungue leo, alisema Athmani, akimimina. Picha itoke, tuione.

— Asilifungue, alisema Wakili. Mwanamume hana eda, hilo twalijua. Lakini kopo limekaa eda. Gizani, miezi minne na siku kumi, halikutoka hata mlangoni. Leo ndiyo yaisha.

— Basi si lifunguliwe, kama eda yaisha? alisema Athmani.

— Lipewe kwanza siku za heshima.

— Siku za heshima ni zipi?

— Zile zinazofuata.

Ogutu alipuliza kahawa yake.

— Mimi naona limechelewa. Picha ni kitu cha kufumba na kufumbua. Hili limekula miezi minne. Ndani mtakuta weusi mtupu.

— Sivyo, nilisema. Alinieleza. Tundu ni dogo, mwanga waingia kidogo kidogo. Jua likipita huchora mstari wake, kila siku wake. Kinachotembea hakibaki. Kinachotulia mahali pamoja ndicho hubaki.

— Wakili hatatokea, basi, alisema Athmani. Hajatulia tangu azaliwe.

— Yakhe, kamera nilianza kuzijua kabla yenu, alisema Wakili. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa kamera nzima. Ukifunga madirisha mchana, kulikuwa na tundu moja kwenye ubao. Uchochoro wote waingia ukutani, watu kichwa chini miguu juu. Mimi nikidhani majini. Nilisomewa wiki mbili.

— Na ukapona?

— Waliziba tundu.

— Hiyo ndogo, alisema Ogutu. Kulikuwa na behewa la mizigo, ukuta wake umetoboka penye msumari wa ribiti. Lilitoka hapa hadi Nairobi limefungwa. Walipolifungua, ukutani kulikuwa na njia yote. Voi, Mtito, twiga, kila kitu.

— Stesheni, kinachotembea hakibaki, alisema Wakili. Digrii amesema sasa hivi.

— Twiga hawakutembea. Ni behewa lililotembea.

— Hata mdomo wafaa, alisema Athmani. Waweka karatasi kwenye ulimi, wabana midomo, waacha kitundu.

— Mdomo wa Wakili haufai, alisema Ogutu. Kamera lazima ifungike.

Tulicheka, na mimi pia. Kisha Wakili akaangalia juu, akasema kwa sauti nyingine:

— Lakini siku ile ya maziko lilikuwepo. Basi limeona jeneza likitoka.

Athmani alisugua kikombe kilichokuwa safi.

— Jeneza hupita haraka, nilisema. Halibaki.

— Digrii, alisema Ogutu polepole, waogopa utakachokikuta?

— La. Naogopa kulifungua. Kila kitu alichokianzisha kimekwisha. Madaftari yamesahihishwa na mtu mwingine. Achari aliyoitia kwenye chupa tumeimaliza, mimi na dada yake. Hilo pekee bado linaendelea. Likiwa limefungwa, yeye yumo kazini.

— Na mvua?

— Ndiyo. Na mvua.

— Aliye juu mngoje chini, alisema Wakili. Wahenga walimaliza.

— Waliwaambia hayo wenye kiburi, nilisema.

— Kiburi hawakukitaja popote. Walitaja juu na chini.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mwenye mfuko wa kiondo, akauliza nyumba ya marehemu mwalimu Intisar. Jina lake Ndinda. Yeye ndiye aliyepewa madarasa ya Intisar. Tulimpa nafasi, na Athmani akampa kikombe. Alinipa pole, akatoa vitu vilivyobaki kabatini shuleni: kifuu kimoja chenye tundu, miwani ya akiba, na utepe mweusi wa kunata.

— Wasichana wanauliza kuhusu kopo la mwisho, alisema. Mwalimu aliwaambia ameweka moja nyumbani.

Wakamwonyesha, wote watatu kwa pamoja, kila mmoja na nadharia yake: eda, behewa, mdomo. Ndinda alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinua.

— Kabla ya kulifungua mtaziba tundu kwa huu utepe, alisema. Kisha, mzee, ukitaka, tutalifungua shuleni pamoja na wasichana. Lakini linatazama nini?

Ogutu akasema bahari, Athmani akasema msikiti, kisha wote wakanitazama mimi. Kopo ni mviringo. Ukiwa chini, tundu la sindano hulioni. Miaka thelathini na moja nimepima viwanja vya watu, nikaandika kila mpaka unaelekea wapi. Hili nilikaza waya tu, nikashuka kununua ndimu.

— Sijui, nilisema.

Athmani aliinamisha dele. Hakukutoka kitu.

Leo asubuhi nilipanda paani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kwenye kamba ya Intisar ya kuanikia kulikuwa na vibanio vinne. Nilipiga magoti nyuma ya kopo, nikaweka shavu kwenye bati, nikatafuta mstari wa tundu kama nilivyokuwa nikiutafuta kwa darubini ya kazini. Kopo lilikuwa limeinama kidogo. Juu yake mbingu, kisha ukingo wa paa, kisha dirisha la jirani, kisha baraza. Katikati kabisa ya mstari ule, mwisho wa kushoto wa baraza, penye jiwe lililolika, ndipo ninapokaa kila alasiri, nisijongee hata nikiitwa kula. "Yeslam," alikuwa akiniambia Intisar, "wewe umekuwa sehemu ya ule ukuta."

Nilishuka, nikavuka uchochoro, nikakaa mahali pangu na kuinua uso. Athmani alikuwa akipita na gunia la makaa.

— Digrii, kahawa bado.

— Najua.

— Mbona wakaa hivyo? Nakuziba?

— Wewe pita tu. Hutatokea.

Nilikaa vile vile mpaka tone la kwanza liliponiangukia mkononi. Kisha nikapanda, nikaliziba tundu kwa utepe mweusi, nikaufungua waya, mara tatu, nikalishusha kopo ndani ya shati.