Mama Kwa Hiyo, Mwalimu wa Watafiti Chipukizi

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, kifungua mimba wa fundi wa breki na mshona sare za shule. Jina lake la vyeti wengi wenu hamkuwahi kulitumia. Mlimwita Mama Kwa Hiyo, na aliitika.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1986 alihitimu shahada ya pili katika kemia ya maji. Baba yake, aliyetaka awe mhasibu, alimuuliza maji yana kemia gani. Alimweleza palepale jikoni, kwa sufuria yenye ukoko mweupe wa chumvi, mpaka mzee akasema, "Basi, mama, nimekuelewa. Nenda." Baadaye alisema hakuwahi kuwasilisha utafiti mbele ya jopo gumu kuliko lile.

Aliajiriwa chuoni mwaka 1988. Alikuta vijana wenye akili zao wakirudishiwa makala na majarida kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kuziandika, na wakisimama kusoma slaidi huku wameupa ukumbi mgongo. Akaanzisha darasa la Alhamisi katika chumba namba tisa, bila kuombwa na mtu. Projekta haikuwashwa mpaka kijana aeleze utafiti wake kwa mdomo mtupu. Akisema, "Tulipima floridi katika visima," huulizwa, "Kwa hiyo?" Akisema imezidi kiwango, "Kwa hiyo?" Mpaka atamke kwamba meno ya watoto wa mtaa ule yanaharibika na visima vifungwe. "Hapo sasa," mwalimu humwambia. "Anza na hiyo. Hayo mengine ulikuwa unakohoa."

Aliolewa tarehe 8 Desemba 1990 na fundi wa majokofu aliyekuja kutengeneza friji ya sampuli. Siku ya kuposa bwana alizunguka mno: kiwanja chake, ujuzi wake, tabia zake njema. Bibie akauliza, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuomba unikubali. Nimeishiwa maneno."

Walijaliwa watoto wawili.

Hapa kuna waliotushauri turuke. Haturuki. Mwaka 2016 mwanafunzi wake mmoja, binti aliyebeba madumu ya sampuli kiangazi kizima, alimaliza makala yake kuhusu visima. Ilipochapishwa, mwandishi alikuwa mkuu wa idara, peke yake. Binti alishukuriwa mwishoni, katika sentensi moja na dereva. Tunaambiwa mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichuma juani akaachwa huko huko, kivulini akala mwingine.

Marehemu alimfuata mkuu ofisini. "Mkubwa, kisima cha nne kiko upande gani wa shule?"

"Mama, hayo ni mambo madogo."

"Umewekaje jina lako juu ya mambo usiyoyajua?"

Wiki iliyofuata chumba namba tisa kilipigwa kufuli, kikawa stoo ya viti vibovu. Darasa likahamia sebuleni kwake. Aliliandikia jarida, likajibu kwamba marekebisho huombwa na mwandishi, yaani ayaombe yule yule aliyeiba. Kupandishwa cheo alinyimwa hadi alipostaafu mwaka 2021. Binti, kwa kukosa makala, alikosa nafasi ya masomo, na leo anauza pampu dukani.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Hata wodini vijana walimfuata na kompyuta zao. Muuguzi akamkemea, "Bibi, hapa hospitali, si chuoni."

"Najua, mwanangu. Lakini huyu anawasilisha Ijumaa, na mimi siendi popote."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake. Jioni iliyotangulia alikuwa amemuuliza, "Jina la yule mtoto wamelirudisha?" Mume akajibu bado. Akageukia ukutani.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake wa kiume muuza milango, watafiti wengi wanaojua kusimama mbele za watu, na makala moja yenye jina la uongo.

Juzi mkuu wa idara alikuja msibani kuomba dakika tano za kusoma salamu. Mdogo wa marehemu, ambaye mkate wake ni kupatana, alimwambia, "Dakika zipo, mzee. Andikia jarida jina lirekebishwe, uzichukue."

"Ndugu yangu, hata msibani tunafanya biashara?"

"Wewe ndiye uliyekuja kununua."

Mpaka programu hii ya mazishi inakwenda kwa mchapaji, mkuu hajaandika. Dakika zile tano amepewa binti, mwenye makala. Atawaeleza alichokikuta katika visima vile, maana watoto wangali wanakunywa maji yake.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mwalimu wetu. Sisi bado tuna kazi. Binti, pita mbele.